Mguu Usiouma

Sisimizi walijua kabla ya mtu yeyote. Wivine aliwaona asubuhi moja nyuma ya bafu la mabati, pale mumewe alipozoea kukojoa kabla ya kwenda kazini: mstari mweusi, mwembamba, uliotoka kwenye shina la mgomba mpaka kwenye udongo uliolowa. Aliwamwagia majivu. Kesho yake walikuwa wamerudi, wengi kuliko jana. Hakumwambia mtu. Katika nyumba za kupanga za Bwera, bafu moja hutumiwa na familia tano, na mwanamke hatangazi habari za mkojo wa mumewe.

Mumewe aliitwa Anselme Kasereka. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Oicha, kaskazini ya Beni, ambako alikuwa na shamba la kakao mpaka wale wenye mapanga walipofanya njia ya kwenda shambani isipitike. Yeye na Wivine walivuka mpaka wa Kongo na kuingia Uganda wakiwa na godoro moja na sufuria mbili. Binti yao, Chérie, alikuwa ameolewa Butembo na alibaki huko. Kwa miaka sita sasa Anselme alikuwa mchukuzi pale Mpondwe, kati ya daraja la mpakani na soko, ambako malori hushusha saruji na sabuni na kurudi na mawese, samaki wakavu na mbao.

Alivuta mkokoteni mmoja na Mkonzo aitwaye Masereka, mtu wa vilima vya Karambi. Mmoja mbele ameshika mikono ya mkokoteni, mwingine nyuma anasukuma kwa kifua. Kasereka na Masereka ni jina moja, hupewa mtoto wa kiume kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mto Lhubiriha wa mpakani ndio uliobadilisha herufi ya kwanza. Hata lugha yao ilikuwa moja. Anselme aliiita Kinande, Masereka akaiita Lhukonzo, na walielewana mpaka kwenye matusi.

Mwaka ule, kabla mvua za Machi hazijaanza, Anselme alishikwa na kiu. Alikunywa maji ya mtungi, akanywa soda, akanywa juisi ya nanasi inayouzwa kwenye ndoo pale stendi, na koo likabaki kama limepanguswa kwa kitambaa kikavu. Suruali ilimlegea. Nyayo zilimwaka kama zimepakwa pilipili, akawa anaziegemeza kwenye ukuta wa udongo apate ubaridi. Wivine alipohesabu mara ambazo mumewe alitoka nje usiku, nusu usingizini, alikumbuka wale sisimizi, akaogopa.

"Papa Chérie, twende kwa munganga," alisema. Wivine alikulia Beni mjini, na Kiswahili cha kule ndicho walichozungumza nyumbani.

"Iko uchovu tu."

"Uchovu haileti sisimizi."

Wakaenda.

Kituo cha afya kilikuwa juu kidogo ya soko, majengo matatu yenye rangi ya bluu. Raia wa Uganda walikaa kwenye veranda. Wakongomani walikaa kwenye benchi lao chini ya turubai, kando ya tenki la maji. Benchi lile liliwekwa wakati wa Ebola, na wakati ule lilikuwa na sababu: kila aliyevuka daraja alipimwa joto, akanawa maji ya dawa, akasubiri mbali na wengine. Ebola ikaisha. Turubai lilichanika, likabadilishwa. Benchi likabaki. Nalo lilikuwa na daftari lake, daftari la wageni, lililowekwa mezani chini ya daftari kubwa la kituo. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba iendelee hivyo. Ila hakuna pia aliyeamua ikome.

Waliitwa saa saba mchana, watu wa veranda walipokwisha. Nesi aliitwa Musimenta, mwanamke wa Bushenyi mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa mwaka mzima. Kinyankole alikijua, Kiingereza alikijua, Lhukonzo alikijua cha kusalimia tu. Alimchoma Anselme kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine, akatazama namba. Akaitazama tena.

"Mzee, sukari iko juu sana. Unajua sukari?"

"Najua, musawo," alijibu Anselme, akimwita kama watu wa Bwera wanavyowaita wauguzi na madaktari.

"Usikule sukari. Hii dawa ni ya maisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ikiisha unarudi. Mwezi ujao. Umeelewa?"

"Nimeelewa, musawo. Aksanti."

Nyuma ya Anselme walisimama watu wengine, mama mmoja akimtikisa mtoto aliyekuwa halii tena. Musimenta aliandika jina lake kwenye daftari la wageni, akampa karatasi ya dirisha la dawa. Mazungumzo yalikuwa mafupi kuliko muda unaohitajika kuvua buti.

Dirishani alikuwapo Badiru, kijana mpole aliyefanya kazi za watu watatu. Alimimina vidonge kwenye bahasha ya karatasi, akaandika juu yake kwa kalamu: 1×2. "Moja mara mbili," alisema, huku mkono wake mwingine ukipokea karatasi ya mgonjwa aliyefuata.

Njiani Anselme na Wivine waliisoma ile bahasha. Wivine alifika darasa la nne, Anselme la sita. Moja na mbili walizijua. Ile alama ya katikati haikuwasumbua.

"Moja kwa siku mbili," alisema Anselme.

"Iko dawa kali," Wivine alikubali. "Dawa kali haiwezi kunywiwa kila siku."

Na lile neno, dawa ya maisha, lilimkaa Anselme vizuri moyoni. Alilielewa kuwa dawa inayoleta uhai. Hakuna aliyemwambia kwamba maana yake ni dawa ya kumezwa mpaka siku ya kufa.

Basi akameza kidonge kimoja, akapumzika siku, akameza kingine. Bahasha ya mwezi mmoja ikadumu karibu miezi minne, na kwa kuwa aliambiwa arudi ikiisha, hakuwa na sababu ya kurudi. Sukari aliiacha kwa uaminifu wa mtu anayefunga Kwaresima. Chai aliinywa chungu. Lakini bugali wa muhogo alikula mlima kama kawaida, na ndizi mbivu, na ile juisi ya nanasi, kwa sababu nanasi ni tunda, halijatoka kiwandani.

Mwezi wa pili wa dawa, nyayo ziliacha kuwaka.

Alimwambia Wivine akiwa anacheka, amekaa kitandani akipiga miguu yake sakafuni. "Mama Chérie, dawa imefika mpaka chini. Sisikii moto tena. Sisikii kitu."

Wivine alipiga ishara ya msalaba, akaenda kumshukuru Mama Maria. Jumapili ile alipeleka mshumaa.

Majira yaleyale Masereka naye alibadilika. Kwanza aliacha soda. Halafu Alhamisi asubuhi akawa haonekani mpaka saa tano, na akiulizwa anasema alikuwa na kikao. Anselme alidhani ni kikundi cha kuweka na kukopa. Kisha siku moja Masereka akaja sokoni amevaa viatu vya kufunika vyenye kamba, na soksi, katika lile joto.

"Unakwenda kuoa?" Anselme alimtania.

"Miguu ni mali," Masereka alijibu, akainama kushika mkokoteni.

Hakusema zaidi. Kwa wachukuzi wa Mpondwe, sukari ni ugonjwa wa kitandani: ikijulikana unayo, watu watauliza mkeo anaridhika na nini. Kwa hiyo Masereka alificha yake na Anselme akaficha yake. Watu wawili walivuta mkokoteni mmoja, hatua tatu kati yao, kila mmoja na bahasha ileile mfukoni.

Ijumaa moja ya soko, Anselme aliporudi nyumbani, Wivine alimsaidia kuvua buti la mpira la kulia. Halikutoka. Alivuta, likakataa kama limegundishwa. Alipoligeuza aliona kichwa cha msumari kwenye soli. Msumari ulikuwa umepenya buti na kuingia kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Ulikuwa umeingia lini, hakuna aliyejua. Alikuwa ametembea nao mchana kutwa, na magunia ya saruji mgongoni.

"Haukuusikia?" Sauti ya Wivine ilikuwa ndogo.

Anselme aliuangalia ule msumari kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akacheka. Siku iliyofuata aliwasimulia wachukuzi wenzake, akawaonyesha tundu kwenye buti. "Ngozi ya mamba!" walimpigia kelele, na mmoja akampa sigara. Masereka hakuwapo. Alikuwa amepeleka mzigo Bwera.

Wivine aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa. Kila jioni alimuuliza, "Iko nauma?" na kila jioni alijibiwa, "Hapana." Akawa anapumua kwa faraja. Tangu utotoni alijua kidonda kisichouma ni kidonda kinachopona. Nani angemwambia vinginevyo?

Kisha ikaja asubuhi ya panya.

Jua lilikuwa limeshachomoza. Wivine alitoka kuwasha jiko, akarudi kufungua dirisha, na mwanga ulipoangukia kitandani aliona shuka limelowa upande wa miguuni. Alidhani mumewe amejikojolea. Kisha akaona rangi. Kidole gumba cha mguu wa kulia na kile kinachokifuata vilikuwa vimetafunwa. Nyama ilikuwa imeliwa kwa vishimo vidogo vidogo, kwa utaratibu, kama mtu anavyokula hindi la kuchoma, na ndani ya kishimo kimoja kulikuwa na weupe. Alama za damu, nyembamba kama za njiti, zilishuka mguu wa kitanda zikapotelea chini ya gunia la mkaa.

Anselme alikuwa bado amelala. Anapumua vizuri. Uso wake umetulia.

Wivine akapiga ukelele, na ukelele ndio uliomwamsha.

"Kuna nini? Mama Chérie, kuna nini?"

Alimwonyesha tu kwa kidole.

Mwenye nyumba, Bi Jamilah, alikuja mbio na ufagio mkononi. Alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na roho nzuri. Alitazama mguu, akatazama gunia, akatazama uso wa Anselme, ambaye tayari alikuwa amesema ni panya wa kutumwa. Alimjua hata aliyemtuma: bwana mmoja wa Oicha aliyelichukua shamba lake la kakao baada ya yeye kukimbia.

"Panya huyo hakutumwa na mtu," alisema Bi Jamilah. "Panya ana njaa tu. Mimi naulizia wewe. Mtu analiwa, mbona haamki?"

Hilo swali lilibaki pale siku nzima, hata baada ya Wivine kufua shuka.

"Twende kituoni," Wivine alisema.

"Kukaa pale chini ya turubai mpaka saa saba, juu ya kitu haiko nauma? Kesho iko soko."

Alifunga mguu kwa kitambaa kipya, akavaa soksi mbili, akatia buti. Akaenda kazini siku hiyo, na siku iliyofuata, na siku saba baada ya hapo. Wivine alimsihi, kisha akalia, kisha akaficha buti, naye akaazima la jirani. Hakuwa mkaidi kwa asili. Mchukuzi asiyesimama halipwi, na mguu ulisimama.

Siku ya tano harufu ikaanza. Kwanza Wivine alidhani ni panya aliyekufa ukutani, akasogeza vitu vyote, akafagia kila pembe. Hakukuta kitu. Siku ya saba nzi walimfuata Anselme kutoka mlangoni mpaka barabarani, na alipokaa kusubiri lori, walikaa naye.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na lori la samaki wakavu, na kwa muda Masereka alidhani harufu ni ya samaki. Walipokaa kivulini chini ya lori kunywa maji, upepo ukageuka. Masereka akaacha kunywa.

"Anselme. Vua buti."

"Ya nini?"

"Vua buti, nakuambia."

Walikuwa wakizungumza lugha yao, ile ya pande zote mbili za mto, wala hapakuwa na neno ambalo mmoja angesema mwingine asilielewe. Anselme akavua. Soksi ilikuja na kitu kingine. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa umepanda juu ya mguu kama wino uliomwagika kwenye karatasi. Pembezoni pake ngozi ilikuwa nyekundu na inang'aa.

Masereka alishika mdomo wake.

"Haiumi," Anselme alimtuliza. "Usiogope. Haiumi hata kidogo."

"Ndiyo mbaya!" Masereka alisema, na sauti yake ilipasuka. "Haiumi, ndiyo mbaya! Una sukari?"

Anselme alitazama huku na huku kwanza. "Nani alikuambia?"

Masereka alitia mkono mfukoni akatoa bahasha ya karatasi. 1×2. Anselme akaitazama, kisha naye, polepole, akatoa ya kwake. Maandishi yalikuwa ya mkono mmoja. Zilionekana kama bahasha za nyumba moja.

"Unakunywaje?" Masereka aliuliza.

"Kimoja. Kisha napumzika siku. Kimoja kwa siku mbili."

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni," alisema Masereka. "Kila siku, na chakula. Kila siku mpaka utakapozikwa. Musawo hakukuambia? Hakukuambia sukari inaua miguu kwanza? Kwamba moto ukizimika kwenye nyayo si kupona, ni nyama imekufa masikio? Utazame miguu kila asubuhi, hata chini, utie mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa? Anselme, tunafundishwa kila Alhamisi! Tunakaa pale veranda, watu ishirini, mwalimu anatufundisha kwa Lhukonzo, anachora ukutani. Mimi sikujua kama unayo. Au watu wa kwenu wana siku nyingine?"

"Hakuna siku nyingine," alisema Anselme.

Baadaye Masereka alisimulia kwamba hilo ndilo lililomwumiza kuliko mguu wenyewe: mafundisho yalikuwa kwa lugha ambayo Anselme aliinyonya kwa mama yake. Angeelewa kila neno. Angecheka mahali wengine walipocheka.

Wachukuzi walishusha mzigo uliokuwa kwenye mkokoteni, wakampandisha Anselme juu yake, na Masereka akauvuta peke yake mpaka kituoni, jasho likimtiririka. Hakusimama kwenye turubai. Alipita na mkokoteni wake mpaka mbele ya veranda, akaanza kupiga kelele, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Musimenta alitoka. Aliutazama mguu, akafumba macho kidogo.

"Huyu sijamwona," alisema. "Kwenye kundi la sukari simjui."

"Alikuja hapa!" Masereka alimnyooshea bahasha. "Mwezi mmoja na mimi!"

Daftari kubwa likafunguliwa. Masereka alikuwamo, na pembeni ya jina lake pameandikwa kwa kalamu nyekundu: Alhamisi. Likafunuliwa daftari la chini. Kasereka alikuwamo, tarehe ya juma lilelile, na namba ya sukari yake ilikuwa kubwa kuliko ya mwenzake. Pembeni hapakuwa na kitu. Jina moja, herufi moja tofauti, madaftari mawili. Orodha ya Alhamisi ilikuwa imenakiliwa kutoka daftari kubwa.

Musimenta alisimama na kidole chake juu ya ule mstari mtupu. Kisha akaita gari.

Hospitali waliyopelekwa ilikuwa mjini Kasese, mwendo wa saa moja na zaidi, jua la mbugani likipiga upande mmoja wa gari. Anselme hakulia njiani. Alimwambia Wivine kwamba watamfunga dawa, watamrudisha Jumanne. Alikuwa ameanza kutetemeka kwa homa, na alipozungumza alitaja majina ya watu wa Oicha kama wamekaa naye garini.

Daktari wa upasuaji aliitwa Okello, mtu wa Lira, aliyefanya kazi miaka mingi katika zahanati ya kambi ya jeshi na kujifunza Kiswahili chake huko. Kilikuwa Kiswahili cha amri. Alivuta kiti, akakaa karibu na uso wa Anselme.

"Mzee, sikiliza. Hii mguu imekufa. Sumu inapanda. Tukiacha, wewe unafuata mguu. Kesho asubuhi tunakata. Sasa wewe ambia mimi: kesho tunafanya nini?"

Anselme alilamba midomo. "Mutakata vidole."

"Hapana. Sikiliza tena." Okello aliweka kiganja chake juu ya mguu, chini ya goti, akaubonyeza. "Hapa. Wote huu unaenda. Ambia mimi tena: tunafanya nini?"

Wivine aliona mkono wa mumewe ukisogea juu ya shuka, ukashuka pajani, ukapita goti, ukasimama pale mkono wa daktari ulipokuwa.

"Mutakata mpaka hapa," alisema Anselme. "Na kama hamukate, nakufa."

"Sawa," alisema Okello, kwa upole ambao haukuwa umesikika kabla. "Sasa umeelewa."

Walikata.

Siku ya nne Anselme alilalamika kwamba vidole vya mguu wa kulia vinamwaka moto, vidole vilevile ambavyo havikuwapo. Wivine alitoka nje ya wodi, akakaa kwenye ngazi, akalia mpaka akamaliza.

Walirudi Bwera baada ya wiki tano, Anselme kwa magongo. Masereka alikuja kila jioni. Alileta vitu: maharagwe, mkaa, paka mwembamba wa kukamata panya. Mkokoteni sasa aliuvuta na mtu mwingine. Mara moja tu alisema lililokuwa ndani yake. "Ningesema neno moja tu. Siku ile ya viatu. Ulinitania, nami nikaona haya."

"Na mimi niliona haya," alisema Anselme. "Haya yetu ilikuwa moja."

Musimenta pia alikuja nyumbani, siku ya Jumapili, hakuvaa sare. Alikataa kiti kizuri akakaa kwenye kigoda. Alizungusha mazungumzo kwa muda, akauliza habari za Chérie, akasifu usafi wa chumba. Mwishowe akasema, "Mzee, nilikuuliza kama umeelewa. Mara mbili. Ukasema ndiyo."

"Ulitaka niseme nini, musawo?" Anselme hakuwa na hasira. "Mutu wa benchi ile akisema hakuelewa, banamuambia arudi kwao akaelewe huko."

Musimenta aliinamisha kichwa. Hakubisha, maana aliwahi kusikia maneno hayo yakisemwa, na aliyeyasema hakuwa mbali.

Alipoondoka alifanya jambo moja: aliunganisha yale madaftari. Alinakili majina ya wageni kwa mkono wake, mmoja mmoja, kwenye daftari kubwa, na katika kunakili huko akakuta wengine kumi na wanne wenye sukari ambao hawajawahi kuitwa Alhamisi. Aliwatafuta. Tisa walipatikana. Wanne walikuwa wamehama au wamerudi ng'ambo. Mmoja, mwanamke muuza vitenge, alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na jamaa zake walisema alikufa kwa miguu. Benchi halikuondolewa, mkuu wa kituo alisema hilo linahitaji barua kutoka juu.

Basi Alhamisi Anselme akaanza kupanda kwenye veranda. Masereka alimshika mkono kwenye ngazi. Alisikia mafundisho yote kwa lugha ya mama yake, akauliza maswali mpaka watu wakacheka, na Wivine akajifunza kuutazama mguu uliobaki kila asubuhi mlangoni, kwenye mwanga, akipitisha vidole vyake kati ya vidole vya mumewe.

Alhamisi ya tatu, Musimenta alimketisha pembeni, akauweka mguu wa kushoto juu ya kiti, akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha.

"Funga macho. Nikikugusa, sema ndiyo. Sasa wewe ambia mimi: unafanya nini?"

"Nafunga macho. Ukinigusa nasema ndiyo."

Alifumba. Wivine alisimama nyuma yake. Veranda ilikuwa na kelele za kawaida, kikohozi, mtoto, sufuria ya uji ikigongwa. Anselme alikaa wima kama anayepigwa picha, ameinua kidevu, akisubiri. Aliposubiri vya kutosha, alitabasamu.

"Anza basi, musawo."

Akafumbua macho. Musimenta alikuwa ameshakiweka kijiti mezani, na Wivine, aliyeona uzi ule ukipinda mara sita kwenye unyayo wa mumewe, alikuwa amegeukia ukutani.

Musimenta akaandika. Safari hii Anselme alimwomba amsomee anachoandika, naye akamsomea, neno kwa neno, kisha akayasema tena kwa Kiswahili chake chote alichokuwa nacho. Mguu huu pia umeanza kutosikia. Unaweza kubaki. Unaweza usibaki. Dawa kila siku, macho kila siku, usitembee peku hata kwenda bafuni. Anselme akayarudia yote bila kukosea hata moja.

Waliporudi walipitia duka la Kasim, muuza viatu pale njia panda. Wivine aliagiza kiatu cha kufunika, chenye soli nene, cha mguu wa kushoto.

"Mama, siuzi kimoja," Kasim alisema. Aliyatazama magongo, akaona haya, lakini hakubadilisha neno. "Nikikupa cha kushoto, cha kulia nitampa nani?"

Wivine hakubishana naye. "Funga yote mbili," alisema.

Anselme alivishwa kimoja palepale, baada ya Wivine kutia mkono ndani na kupapasa mpaka kwenye ncha. Kingine kilifungwa kwenye mfuko mweusi. Walipanda kilima polepole, magongo yakichimba vishimo kwenye vumbi, na Wivine akitembea upande wa kushoto, macho yake chini, akitazama kila mahali ule mguu ulipokanyaga.